Bustani Yetu: Usiuache Mforosadi Ukupite Kimo

Miongoni mwa barua zilizofika mezani petu hivi karibuni imo moja ya dada mkazi wa Dar es Salaam, aliyepata kukaa Uingereza kwa masomo. Auliza iwapo anaweza kuotesha nyumbani kwake ile beri nyeusi aliyokuwa akiichuma huko vichakani, kandokando ya njia, majira ya joto yakikaribia kwisha. Asema kwamba ua wake ni mdogo, una nafasi ya mti mmoja tu, na kwamba anao watoto watatu ambao hawajapata kula tunda lisilonunuliwa.

Ningependa kumjibu kwa neno la kumfurahisha, lakini heri ukweli. Beri nyeusi ni mmea wa nchi za baridi. Hutoa fimbo ndefu zenye miiba. Fimbo iliyochipua mwaka huu ndiyo izaayo mwaka unaofuata, na ikisha kuzaa hunyauka, na mtunzaji huikata ili kuwapisha wadogo zake. Aina zake nyingi zisipopata kipindi cha baridi ya kutosha, macho ya fimbo hulala yasiamke, na mwenye bustani hubaki na kichaka cha miiba kisicho na tunda. Kweli, ndugu zake wa porini wako hata kwetu: ukipita kingo za misitu ya Usambara na ya Kilimanjaro utawaona, na pengine watakuchana mguu kabla hujawaona. Basi msomaji aliye Lushoto na ajaribu bahati yake. Lakini kwa sisi wa Pwani, ambao usiku wa baridi kwetu ni ule wa kuongeza shuka moja, kuitamani beri nyeusi ni kujitafutia kazi isiyo na ujira.

Hata hivyo tunda jeusi, dogo, lenye utamu uliochanganyika na ukali kidogo, na lenye kuchafua vidole na midomo, tunalo. Ni forosadi. Mti wake, mforosadi, umezoeleka katika nyua za Pwani tangu zamani, na hata jina lake lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako tunda hilo huitwa firsadi. Asili ya mforosadi mweupe, yaani ule ambao majani yake hulishwa viwavi vya hariri, ni Uchina. Neno mweupe lisikupotoshe, kwa maana mforosadi mweupe nao waweza kuzaa tunda jeusi tititi.

Wako waliodhani kwamba mforosadi ni mforosadi tu. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, mnamo mwaka 1609, aliagiza miche ipatayo 10,000 ienezwe nchini mwake ili watu wake wafuge viwavi na kufuma hariri yao wenyewe. Mradi ule haukufaulu, na inasemekana kwamba mojawapo ya sababu ni kuoteshwa mforosadi mweusi, ilhali viwavi hupendelea majani ya mweupe. Hariri hawakuipata, ila jamu ya forosadi nadhani waliila sana. Jirani zetu wa Kenya wana kituo chao cha utafiti wa hariri pale Thika, na huko miforosadi hulimwa kwa ajili ya majani. Sisi leo tunataka tunda.

Juu juu forosadi na beri nyeusi zinafanana mno, lakini si jamaa. Beri nyeusi hutokana na ua moja. Forosadi hutokana na kishada cha maua madogo mengi yasiyovutia jicho, na kila ua huvimba likawa punje moja ya tunda. Ukitaka kuifahamu vizuri, litazame fenesi: nalo limejengwa vivyo hivyo, kwa maua mengi yaliyoungana. Mforosadi, mfenesi, mshelisheli na mkuyu ni wa ukoo mmoja. Mwenye kubisha na avunje kijitawi cha kila mmoja, aone utomvu mweupe ukitiririka. Kwa hiyo tunda dogo kabisa uanimwetu na tunda kubwa kupita yote sokoni ni ndugu, jambo ambalo kila nikiwaeleza watoto hucheka wasiamini.

Sasa mbona hatuioni forosadi sokoni? Kwa sababu ikiiva ni laini kama mate. Ukiichuma asubuhi, jioni imeanza kutoa maji, na keshoye imechacha. Haiwezi kusafiri kwenye tenga, wala muuzaji hawezi kuipanga mafungu. Ndiyo kusema mwenye kutaka forosadi hana budi kuwa na mti, au kuwa na jirani mwema mwenye mti. Na ni tunda la kufaa: katika gramu 100 za forosadi mbichi mna kadiri ya miligramu 36 za vitamini C, pamoja na chuma karibu miligramu 2, ambacho si haba kwa tunda.

Kabla sijaeleza namna ya kuuotesha na kuutunza, nina jambo la kukiri. Mimi niandikaye kila Jumapili juu ya bustani za watu, niliishi miaka mitatu na mforosadi chini ya dirisha langu nisiuguse hata kwa kisu.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na nyuma ua wenye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Mforosadi tuliukuta hapo. Ulikuwa umekwenda juu ukapita paa la jiko, ukapita hata paa la nyumba kubwa, na matawi yake yametanda juu ya kamba zetu kama mwavuli. Kivuli chake kilikuwa kizuri, nasi wapangaji tukaridhika na kivuli. Msimu ulipofika tunda lilijaa, lakini lilijaa huko juu. Kunguru walikula mchana, popo wakala usiku, na zilizowashinda zilianguka chini tukazikanyaga na kuziingiza vyumbani kwa kandambili. Kwa watoto wa nyumba nzima, ambao walikuwa tisa, mgao wao ulikuwa ule uliookotwa mchangani.

Mwaka juzi mambo mawili yalitokea katika juma moja. La kwanza, mzee wa chumba cha mbele alianika kanzu yake mpya siku ya Alhamisi ili aivae Ijumaa. Usiku ule popo walifanya karamu. Alfajiri kanzu ilikuwa na madoa ya zambarau toka begani hadi kifuani, na yeye kwa uchungu akaichukua na kuisugua kwa mche wa sabuni. Madoa, badala ya kutoka, yakageuka rangi ya buluu. Hakwenda msikitini na kanzu ile, na hakusalimiana na mtu uani siku nzima. La pili lilinihusu mimi. Kijana wangu wa miaka 8, aliyechoka kuokota za mchangani, alipanda juu ya bati la jiko ili azifikie za matawini. Bati lilikuwa na umande. Alianguka, akategua kifundo cha mkono, na Jumapili ile nzima tukaimaliza hospitali.

Mwenye nyumba aliitwa. Alikuja jioni ya Jumatatu, akautazama mti, akaitazama kanzu, akautazama mkono wa mwanangu uliofungwa, akasema Jumamosi ataleta mtu wa msumeno. Mzee wa kanzu akaitikia. Mke wangu naye akaitikia, tena kwa sauti, na sikuwa na la kumjibu.

Katika chumba cha nyuma kabisa alikaa bibi mmoja aliyekulia Tanga. Alikuwa ameketi mkekani, anapeta mchele. Mwenye nyumba, kwa adabu, alipopita akamwamkia.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuhukumu au umekuja kuua?”

“Bibi, mti huu umeumiza mtoto.”

“Mti haukumwita mtoto juu ya bati. Sisi ndio tulioupeleka tunda lake huko. Mforosadi hukatwa, mwanangu, haukatwi. Kwetu mti wa namna hii mtoto huchuma amesimama. Nipe vuli moja. Usipozaa chini, lete msumeno wako, na kuni nitazifunga mimi.”

Sijui kama ni hekima yake au ni umri wake, lakini mwenye nyumba alikubali. Kisha bibi akanigeukia mimi. “Na wewe, baba, si ndiye unayewafundisha watu bustani gazetini?” Wasomaji wapenzi, niliona aibu ambayo nisingependa kuielezea zaidi ya hapo.

Siri ya mforosadi, ambayo bibi yule aliijua bila kitabu, ni hii: maua yake huja pamoja na chipukizi changa. Tawi lililozeeka, lisilokatwa, hutoa chipukizi nchani tu, na kwa hiyo kila mwaka tunda huzidi kusogea mbali na mkono wa mtu. Tawi lililopogolewa huamsha macho yake ya chini, hutoa chipukizi kadhaa mahali pa moja, na kila chipukizi huja na tunda lake. Kuukata mforosadi kwa kipimo hakuupunguzii mazao. Kunayashusha.

Wakati wa kufanya hivyo ni mwisho wa kiangazi, mti ukiwa umepumzika na mvua haijaanza. Kwa Dar es Salaam na mwambao wake, hii ni mwanzoni mwa Septemba kabla ya vuli. Na mwenye mti wenye nguvu aweza kurudia kwa kiasi mwezi wa Februari kabla ya masika. Usipogoe wakati mti umejaa tunda, wala wakati maji yanapanda kwa nguvu shinani, maana utatoka utomvu mwingi. Anza na matawi makavu, kisha yanayosuguana, kisha yale yanayoelekea ndani na kuziba hewa. Yaliyobaki yafupishe, ukiacha macho mawili au matatu kwenye kila kijitawi cha mwaka uliopita. Ukimaliza, pukutisha majani yaliyosalia kwa mkono. Wengi huiogopa hatua hii, ilhali ndiyo inayouambia mti kwamba msimu mpya umeanza. Kisu kiwe kikali, na jeraha liwe safi. Utomvu ukikugusa macho utawasha, kwa hiyo osha mikono.

Kwa mti uliokwisha kupita kimo, kama ule wetu, kuna tahadhari. Usiushushe wote kwa siku moja. Tawi nene kuliko mkono wa mtoto likikatwa hupona polepole, na kidonda chake chaweza kuoza mpaka shinani. Sisi tuliondoa matawi mawili makubwa yaliyoelekea kwenye kamba na paa, tukaacha moja kubwa la tatu mpaka mwaka uliofuata, na vijitawi vyote vilivyobaki tukavifupisha. Nilishika msumeno mimi, bibi akishika fimbo ya kuonyesha. Kazi ilipokwisha mke wangu aliutazama mti akasema unafanana na kuku aliyenyonyolewa, na hakukosea.

Kisha zikapita siku kumi na tano bila dalili yoyote. Nilikuwa nikiamka usiku na kuangalia dirishani, kana kwamba mti huchipua gizani kwa kuogopa watu. Siku ya kumi na nane niliona nukta za kijani. Mvua za kwanza ziliponyesha chipukizi zikafululiza, na kila penye jani jipya pakawa na kishada kidogo cha kijani mfano wa kiwavi. Toka siku ya kisu hadi tunda la kwanza kuiva ilichukua kama miezi miwili na nusu. Nalo liliivia kifuani pangu, si mawinguni.

Msomaji asiye na mti aanze na kipande. Mbegu ni ndogo mno, huchelewesha, na hujui itakuzalia mti gani. Na hapa nakusihi usikilize vizuri, kwa maana kosa la hapa hugunduliwa baada ya miaka. Kama ilivyo kwa mpapai, iko miforosadi dume. Hutoa vishada vya maua, huchanua, humwaga unga wa chavua, kisha basi. Kipande kilichotoka kwenye mti dume nacho ni dume, hata ukimwagilie asali. Mwenzetu mmoja wa chumba cha habari alikata kipande kwenye mti wa kando ya barabara kwa sababu aliyapenda majani yake. Ameutunza kwa miaka mitano, na kila mwaka mkewe humuuliza kama safari hii watapika jamu. Kata kipande kwenye mti ambao wewe mwenyewe umekula tunda lake. Usikubali kuambiwa.

Chagua kijitawi cha mwaka uliopita, chenye gamba la kahawia, kinene kama penseli au zaidi kidogo. Kikate kiwe na urefu wa shibiri moja, chenye macho matatu au manne, yaani yale mafundo yachipukiapo majani. Ncha ya chini ikate mshazari karibu na jicho, ya juu ikate moja kwa moja, ili usije ukasahau kipi ni kichwa na kipi ni mguu. Kipande kilichopandwa kichwa chini hakikui. Chukua kopo lililotobolewa matundu chini, lijaze udongo mweusi uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza, kisha zika theluthi mbili za kipande, jicho moja au mawili yakibaki nje. Weka kivulini, mwagilia udongo uwe na unyevu bila kutota. Andaa vipande vitano ukitaka mti mmoja.

Baada ya majuma mawili au matatu majani yatatokea, nawe utafurahi mapema. Majani hayo yametoka katika akiba iliyomo ndani ya kipande, na mizizi bado. Watu wengi hapo huving'oa ili kuhakikisha, au huvipeleka juani, na vipande hufa vikiwa na majani mabichi. Subiri miezi miwili hadi mitatu, mpaka uone mizizi ikichungulia kwenye matundu ya kopo.

Shimo la kuhamishia liwe na upana na kina cha sentimeta 60, udongo wa juu urudishwe pamoja na debe moja la samadi. Mahali pawe na jua la nusu siku angalau. Na tafadhali pawe mbali na ukuta, shimo la choo na mabomba kwa mita 4, kwa kuwa mizizi ya mforosadi husafiri kutafuta maji na haiulizi ni ya nani. Kamba za nguo pia zifikirie mapema, kwa faida ya jirani zako. Ukiwa umepanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kuchimba. Kama ua umesakafiwa, pipa kuukuu lililotobolewa chini litakufaa, mradi uwe tayari kumwagilia kila siku ya kiangazi na kutarajia mti mdogo.

Mche ukifikia kimo cha mita moja, ukate ncha bila huruma. Utatoa mikono mitatu au minne, na hiyo ndiyo itakayokuwa mifupa ya mti wako kwa maisha yake yote. Toka hapo sheria ni moja tu: mti usipite kimo cha mtu mzima aliyeinua mkono. Kipande kilichotunzwa vizuri chaweza kuonyesha tunda la kwanza hata katika mwaka wa pili.

Maradhi yake si mengi. Ukiona majani yamepakwa ukungu mweupe kama unga, jua kwamba hewa haipiti, pogoa. Wadudu weupe wanaofanana na pamba wapangusie kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia baada ya siku chache. Sumu za dukani usizitumie, kwa maana tunda hili mtoto hulitia kinywani hapo hapo chini ya mti bila kuliosha. Ndege hawazuiliki kabisa. Wavu wa zamani wa kuvulia ukiutandaza juu ya mti mfupi utasaidia, na hiyo ni faida nyingine ya ufupi. Majani uliyopogoa usiyatupe, mbuzi na sungura huyapenda mno.

Forosadi haziivi kwa pamoja, nazo zikichumwa changa haziivi tena ndani. Tena tunda bichi na utomvu wake huweza kuvuruga tumbo, waonye watoto. Chuma kila asubuhi zile nyeusi zinazoachia kwa kuguswa tu. Zikizidi uwezo wa kula, pika jamu: kilo moja ya forosadi, sukari robo tatu ya kilo, maji ya ndimu mbili. Ndimu usiiache, kwa sababu ukali wake ndio usaidiao jamu kushika. Ponda, chemsha kwa moto wa wastani ukikoroga, na jaribu tone moja kwenye sahani iliyopoa. Lisipotiririka, imekuwa tayari.

Na kuhusu madoa, usianze na sabuni. Rangi ya forosadi ikikutana na sabuni hugeuka buluu na kuzidi kung'ang'ania. Suuza kwanza kwa maji matupu, kisha kamulia ndimu yenye chumvi, acha kidogo, suuza tena, ndipo ufue. Bibi aliifanyia kazi kanzu ile mara tatu. Begani palitakata, kifuani pamebaki kivuli hafifu, ambacho mwenyewe hukiona hata pale wengine tusipokiona.

Bakuli la kwanza la msimu ule mke wangu alilijaza, akampa mwanetu alipeleke chumba cha mbele kwa mkono ule uliokuwa umepona. Mzee alilipokea bila neno. Jioni bakuli lilirudi limeoshwa. Siku hizi huanika nguo zake kwenye kamba ya upande wa pili, na asubuhi nyingine humkuta chini ya mti na kikombe chake. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi ya Desemba aliuzunguka mti mara moja, akachuma tatu, akala, akaniandikia stakabadhi. Habari ya msumeno hakuitaja, nami sikumkumbusha.

Kwa hiyo, dada yangu uliyeandika, tafuta sasa mti ambao umeuona ukizaa, umwombe mwenyewe vijitawi vitano siku atakapopogoa. Makopo yako yakae tayari kabla ya Septemba.